Jambazi wa Amerika Jikoni kwa Susu

Kitabu kilitoka kwenye maboksi ambayo wageni wa kanisa waliiletea shule yetu. Vitabu vyote vilikuwa maisha ya watu wa Amerika waliokufa: marais, majenerali, mwanamke rubani, tajiri wa reli, na katikati yao, bila aibu yoyote, majambazi. Walipangwa rafu moja, mwizi akiegemea rais. Shule ilipofungwa Agosti tuliruhusiwa kubeba kimoja kimoja nyumbani. Nikachukua jambazi wa mabenki. Mwalimu wa maktaba akanitazama, akasema, "Na vile wewe ni mnyamavu, kumbe!" Nikaona haya, lakini sikukirudisha.

Nilikuwa na sababu. Kwetu kuna mtu hatajwi.

Ni mdogo wake baba. Alikuwa akinunua mbuzi Ikutha na kuwauzia wachinjaji wa barabara kuu. Siku moja ya soko watu walisema mbuzi aliokuwa nao si wake. Kama walikuwa wake au hawakuwa, mimi sijui, na sidhani kuna aliyengoja kujua. Nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni baba akirudi na viatu vyenye udongo wa rangi isiyo ya kwetu Kilungu, akavivulia nje, na hakuvivaa tena. Baba mdogo alizikwa hukohuko. Susu, yaani nyanya, mama yao wote wawili, aliambiwa tu kwamba amekufa. Vipi, mikononi mwa nani, hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza.

Kwenye picha ya harusi ya wazazi wangu, pale ukutani, mtu amekatwa kwa makasi. Aliyekata hakukata vizuri. Mkono umebaki kwenye bega la baba, vidole vinne, bila mwenyewe. Mkono huo umenitazama nikila maisha yangu yote. Najua mkono hautazami. Lakini kwenu hakuna mkono uliobaki hivyo ukutani.

Sasa, kabla sijaendelea, lazima nieleze majina. Sisi Wakamba mtoto hachaguliwi jina, jina linamngojea. Mimi ndiye msichana wa kwanza kwa hivyo nina jina la susu, na baba huniita "mwaitu", yaani mama yangu. Ndugu yangu mkubwa ana jina la babu, na baba humwita "baba" kabisa. Wageni hucheka wakisikia mwanaume mzima akimwambia kijana wa kidato cha nne, "Baba, umefungia kuku?" Wa pili ana jina la baba yake mama. Halafu, baada ya miaka mingi ambapo sote tulidhani wazazi wamemaliza, mwezi wa Julai mama akajifungua kijana wa tatu. Na jina la kijana wa tatu ni la ndugu ya baba.

Baba ana ndugu mmoja tu. Alikuwa na mmoja.

Kwa hivyo mtoto alikaa bila jina. Kadi ya kliniki iliandikwa jina la mama tu. Baba anafanya kazi Kiboko kwenye mashamba ya utafiti, na huja wikendi. Kila Jumamosi alipofika alisema mtoto atapewa jina la Biblia Jumapili ya kuwekwa wakfu, na mazungumzo yakaishia hapo. Yeye ni mzee wa kanisa. Mambo ya marehemu kurudi kwa mtoto hataki hata kuyasikia. Lakini mtoto alilia. Kila alasiri, ukungu ukiteremka tena kilimani, alianza, na haikuwa kulia kwa njaa wala tumbo. Ilikuwa kama mtu anayeita watu kutoka nje na hawafungui. Susu alisema neno moja tu, siku ya kwanza: "Anajitaja na hamumjibu." Mama akageuka, akaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeanikwa tayari.

Ili nisisikie kile kilio, nilikuwa nikienda na kitabu jikoni kwa susu. Yeye anaambua mbaazi, mimi nasoma. Ndugu yangu mkubwa alipita akachungulia, "Susu, huyu ameolewa na hiyo kitabu, mahari umekula?" Susu akamtupia ganda la mbaazi, "Toka! Wewe hata kitabu kimekukataa." Kisha akaniambia, "Wajina, nisomee na mimi."

Nikamwambia ni mtu wa Amerika, mwizi. Akasema, "Sawa, wa Amerika." Nikaanza kumgeuzia kwa Kikamba.

Mimi mbele ya watu siongei. Darasani nikiulizwa swali, jibu linafika kooni na kurudi. Lakini kugeuza maneno ya mtu mwingine, hapo naweza, kwa sababu si mimi ninayesema. Nilimpa susu mambo yote kwa vitu anavyovijua. Benki ikawa duka kubwa. Farasi nikawaacha farasi, lakini miji ikawa masoko. Jina la yule mtu lilinishinda ulimi, nikawa nasema "yule kijana". Nilimweleza alivyokuwa akimchotea mama yake maji, alivyoanza kutembea na wenzake, alivyokuja nyumbani akiwa na zawadi na mama hakuuliza zimetoka wapi. Hawa Waamerika wanashangaza. Mwizi anakufa, na bado mtu anakaa chini kutafuta rangi ya farasi wake na kitanda alichozaliwa juu yake. Susu hakunikatiza. Siku baada ya siku alikuwa ananingoja, mbaazi ziko tayari kwenye ungo.

Nilipofika pale watu wa soko wanapomzunguka, susu aliacha kuambua.

"Alikuwa amekula?"

Nikadhani anatania. Nikatafuta kwenye ukurasa, na kitabu kilikuwa kinajua. "Hapana, susu. Tangu jana yake."

"Na mama yake?"

"Alikuja. Aliletwa na mkokoteni. Akamtambua, akavua shali yake akamfunika."

Susu akauachia ungo. Ungo ulikuwa umeinama na mbaazi zinamwagika majivuni, na hakuzitazama. Kisha akasema, kwa upole ambao bado unanitisha, "Asante, wajina. Wewe peke yako ndiye umenitendea heshima. Lakini mimi sikwenda. Hapo umeweka vizuri tu, ili nisiumie."

Ndipo nikaelewa. Huku kwetu habari ya kifo haisemwi ikiwa uchi. Babu alipofariki hospitalini, aliyetumwa kwa susu alianza na ng'ombe wa mtu fulani wa mbali aliyetumbukia shimoni, akamzungusha huyo ng'ombe mpaka susu mwenyewe akasema, "Basi, nimesikia." Mtu wa Amerika alikuwa kwake ng'ombe wa mtu wa mbali. Kumbe siku zile zote alikuwa akinisikiliza nikimwambia habari za mwanawe.

Ningemwambia hapana. Neno lilifika kooni, likarudi.

Jumamosi baba alipofika, hata chai hakumaliza. Susu alimwita jikoni, nami nilikuwa nimekaa pale karibu na kuni.

"Siku ya kumzika mlisema mto umejaa na hakupitiki," susu akamwambia. "Mwaka ule hakukuwa na mvua. Nilijua, nikanyamaza. Sasa huyu ameniambia yote. Hakuwa amekula."

Baba akanigeukia. Sijawahi kuona uso wake vile, kama mtu aliyeguswa begani na hakuna mtu. "Mwaitu. Umemwambia nini?"

Nikampa kitabu.

Alikipekua akiwa amesimama, akafika kwenye zile kurasa za katikati zinazong'aa. Kuna picha pale ambayo mimi huiruka: yule mtu amekufa, ameegemezwa ubao, macho nusu wazi, na wanaume wamesimama pande zote mbili wakitazama kamera. Baba hakuiruka.

"Hawa wote walikuja kuangalia?"

"Ndio, baba."

"Wamevaa kofia za kwenda kanisani." Akaigusa picha kwa kidole, akapita uso mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta mtu anayemjua. "Huyu alikuwa mwizi kweli?"

"Kweli."

"Na wakamwandikia kitabu chote hiki."

Alasiri ilikuwa imefika, na ndani ya nyumba mtoto akaanza. Sote watatu tukasikiliza. Nilijua nikikaa kimya kesho atapewa jina la Biblia, na yule mwingine atabaki vidole vinne ukutani, halafu susu atakufa, na baada ya hapo hakuna tena atakayejua ni vidole vya nani. Nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilikuwa yangu, sikuwa nageuza ya mtu.

"Baba, huyu ni kijana wa tatu."

Aliweka kitabu juu ya kinu, akatoka, na tulimwona akisimama kwenye miparachichi mpaka ukungu ukamfunika.

Jumapili kanisani pasta alimchukua mtoto mikononi, akauliza jina. Baba akataja la Biblia. Pasta akangoja, kwa sababu watu hutoa mawili. Nilimwona baba akifungua mdomo. "Ni hilo tu," akasema. Susu alikuwa mbele yangu kwenye benchi. Kitambaa chake cha kichwa hakikusogea hata kidogo. Wakapiga makofi, wakaimba, na mimi nilitamani nizame ardhini. Nilikuwa nimesema mara moja katika maisha yangu na haikusaidia.

Tukarudi nyumbani kula. Baba alikuwa nje ananawa kwenye beseni, mama anapakua, mtoto amelazwa kwenye kiti kikubwa chini ya picha. Akaanza kulia, kile kilio chake. Baba, mikono ikidondosha maji, akasema kutoka mlangoni bila kumtazama yeyote:

"Nakuja, ndugu yangu. Ngoja, nakuja."

Mama alisimama na mwiko hewani. Ndugu yangu mkubwa alinitazama, kisha akatazama sahani yake. Baba mwenyewe nadhani alikuwa hajajua kwamba atasema neno hilo. Alimbeba mtoto akamweka begani, maji yakalowesha nguo nyeupe ya kanisani, na mtoto hakunyamaza. Aliendelea kulia, wala sidhani ataacha hivi karibuni. Mara nyingine usiku nasikia sauti yake na najiuliza ni nani tumemfungulia.

Susu peke yake ndiye hakushangaa. Alisogeza kiti chake, akanyoosha mikono.

"Leta huku," akamwambia baba. Kisha akamgeukia mama. "Mnyonyeshe kwanza, hayo mengine baadaye. Huyu alitoka Ikutha bila kula."