Jeneza Lililozidi Kiganja

Hadi leo nikipigwa puani na harufu ya maranda mabichi, mkono wangu huenda wenyewe utosini. Msinicheke. Ninyi hamjawahi kulazwa juu ya ubao wa jeneza mkiwa hai.

Baba yangu alikuwa seremala huku Musaga, mtaa wa Bujumbura, kando ya barabara ya kusini. Vita vilipopamba moto, vitanda na makabati vikakosa wanunuzi, akageukia majeneza. Siku moja alikwenda kutafuta mbao milimani, hakurudi. Hatukupata hata mwili wa kuzika. Mama, ambaye miaka yote alikuwa akipiga msasa na vanishi kule uani, akajifunga kitenge, akashika randa.

Mafundi walibaki wawili, mkubwa wao mzee Filipo. Kwenye vitanda hawakuwa na neno, mwanamke apige misumari apendavyo. Lakini jeneza, apana. Walisema jeneza likipimwa na mwanamke humwita mtu wa nyumbani kwake. Na nyumbani kwetu tulikuwa tumebaki mimi na Mama tu, kwa hiyo nilijua fika anayezungumziwa ni nani.

Basi asubuhi moja, baada ya risasi kulia kutwa nzima jana yake, barabara iliamka kimya. Hakuna gari, hata mbwa hawakubweka. Mama mmoja wa huko juu mlimani akaingia karakanani miguu mitupu. Binti yake alikuwa amefariki, anataka sanduku. Kamba ya kipimo, ile wafiwa wanayompimia marehemu, hakuja nayo, alikuwa ametoka mbio. Alitazama mbao, akatazama ukuta, kisha macho yake yakanifikia, yakabaki kwangu.

"Analingana na huyu," alisema.

Filipo akaweka nyundo chini. Alitaka tungoje njia ifunguke, akapime mwenyewe. Mama akasema kwa joto hili la Bujumbura maiti haingoji mtu. Hapo mzee akasimama.

"Mama Kaneza, ukimupima huyu mutoto, mi siko tena hapa."

Mama akalaza ubao chini. Aliniambia nilale.

Nililala. Juu niliona mabati na uso wa Mama uliopinduka, kidevu juu. Yule mfiwa alikuja akaninyoosha gauni, akanibana miguu pamoja taratibu. Akaniita kwa jina la binti yake, kwa sauti ya chini, na mimi, mjinga mimi, nikaitika. Kisha nikasikia penseli ikikwaruza ubao nyuma ya kichwa changu. Zamani Baba akinipima urefu mlangoni, penseli yake ilikuwa ikinigandamiza nywele. Hii haikunigusa.

Mafundi wote wawili waliondoka siku ileile. Mama alikata na kupigilia peke yake, na jeneza likatoka refu. Walioubeba mwili walisimulia kwamba mtoto aliteleza humo ndani, ikabidi wajaze blanketi miguuni. Loo, Musaga yote ikapata la kusema! Filipo ndiye aliyecheka kuliko wote: kumbe ndicho kipimo cha mwanamke hicho. Hata wateja wachache waliobaki wa vitanda wakaanza kutupita. Na Mama yangu, mwenye ulimi mkali kama msumeno, hakufungua kinywa. Niliona aibu kwa niaba yake.

Halafu nikashikwa na malaria. Majirani wakawa wanakuja hadi mlangoni, wananichungulia, wanarudi wakinong'ona. Filipo naye alikuja, akaketi kizingitini, kofia magotini, akinikodolea macho mchana kutwa. Nilifumba macho ili nisimwone, nikaogopa kuyafumba asije akadhani tayari. Mama alinilisha uji kijiko kwa kijiko, mkono wake ukimwaga nusu yake kifuani pangu.

Nilipona. Nilipotoka nje kwa miguu yangu, mzee alinitazama toka utosini hadi kwenye nyayo, akaenda zake. Kesho yake akarudi na randa kwapani, akamwuliza Mama kuna kazi gani. Mama akamwonyesha meza yake ya zamani. Tangu hapo Mama alipima na kukata, Filipo akapiga randa, na wasichana wawili walipokuja kuomba kujifunza kazi, ni yeye aliyewapisha mezani.

Siku hizi karakana ni yangu. Juzijuzi nililetewa kazi ya jeneza la mtoto, na binti yangu alikuwa akichezea maranda hapo miguuni pangu. Nikamtupia jicho, nikashika penseli, na mkono ukaenda wenyewe, ukavuka, kwa kiganja kizima, kipimo nilicholetewa. Nikaiweka penseli chini. Kisha nikamfuata Mama uani, alikokuwa akichambua maharage, nikamwuliza habari za lile jeneza refu.

"Kipimo chako nilikijua," alisema. "Ningetengeneza vipi sanduku la kukutosha we?"

Nikamwambia kumbe naye aliyaamini maneno ya Filipo. Kumbe aliacha Musaga nzima imcheke, hakuthubutu kusema kwa nini. Alipepeta maharage yake kidogo, akapuliza makapi.

"Niliogopa kama yeye, mwanangu," alisema. "Ila yeye alikuwa na pa kukimbilia."