Lipi Ni Jiwe la Mhoja

Ukimpelekea Ndaki jiwe la pete leo, hatalipokea kama ana lingine mezani. Atakwambia urudi hilo likiisha, hata kama umetoka Nyashimo na umeshuka kwenye gari muda huo huo. Watu wa mtaa wake wa Somanda, mjini Bariadi, humtania kwamba anakula jiwe moja moja kama kuku anavyookota punje. Yeye hutabasamu na kuendelea kukanyaga pedali. Tabia hiyo aliianza mwaka 1996, baada ya juma moja la mvua ambalo mpaka sasa hajalielewa vizuri.

Zamani alikuwa akinoa misumeno katika kinu cha kuchambulia pamba. Biashara ya pamba ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani yao, kinu kikakosa pamba, na Ndaki akapunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Alirudi nyumbani na gurudumu la kunolea ambalo hakuna aliyelitaka. Akalifunga kwenye meza ya cherehani mbovu ya mkewe, Felisita, ili alizungushe kwa miguu. Alidhani atanoa visu na mapanga.

Wanunuzi wale wale ndio waliomletea kazi nyingine bila kujua. Walivaa pete nene zenye mawe ya mviringo, na walipokuwa wakiandika stakabadhi, wakulima walitazama vidole vyao zaidi kuliko walivyotazama mizani. Msimu ulipokwisha, mwanamume aliyebaki na chochote alitaka pete ya namna ile. Jiwe lake halichongwi pembe pembe kama la pete ya kike. Husuguliwa mpaka juu linakuwa na mgongo laini kama nusu ya yai, na chini linaachwa bapa ili likae vizuri. Ndaki alijifunza kwa kuharibu mengi. Alilibandika jiwe kwenye kijiti kwa lakiri iliyoyeyushwa, akalisugua kwenye gurudumu huku akidondoshea maji, kisha akalipitisha kwenye msasa, na mwisho kwenye kipande cha ngozi ya ng'ombe mpaka likang'aa. Pete zenyewe alizifua kutokana na vikuku vya fedha vya kizamani.

Wateja wengine walimnong'oneza. "Fundi, humu ndani kuna nini?"

"Kuna jiwe."

"Hakuna kitu kingine?"

"Kingine utatia wewe mwenyewe, ngosha. Mimi nimeishia kwenye jiwe."

Katika juma hilo la mvua alifika Deogratias, mkulima wa pamba kutoka Shishiyu. Mdogo wake, Mhoja, alikuwa amekwenda Tunduru kuchimba mawe, na kuta za shimo zikamwangukia. Alizikwa huko huko. Mchimbaji mwenzake aliyeitwa Januarius ndiye aliyeleta habari nyumbani, pamoja na shati la marehemu na jiwe moja la rangi ya asali, ukubwa wa harage. Mama yao, Nyamizi, alilishika jiwe hilo mkononi siku zote za msiba. Sasa ndugu walikuwa wakutane Jumapili kuondoa matanga, na Deogratias alitaka siku hiyo awe amelivaa, ili mama aone kitu cha Mhoja kwenye mkono wa kaka yake.

Ndaki alilipokea. Hakuona haja ya kumwambia kwamba alikuwa na jiwe linalofanana nalo. Januarius huyo huyo, alipopita Bariadi akiwa hana nauli, alimwuzia la kwake. Na kwa kuwa gurudumu lilikuwa linazunguka, Ndaki aliyasugua yote mawili juma lile, kila moja kwenye kijiti chake, kwa kipimo kile kile.

Ijumaa mvua ilipumzika, jua likatoka. Deogratias alikuta pete iko tayari. Aliivaa, akasogea mlangoni, na papo hapo wakaona kitu ambacho Ndaki hakuwahi kukiona kwenye jiwe lolote. Mstari mwembamba wa mwanga ulikatiza mgongo wa jiwe kutoka upande hadi upande. Deogratias alipogeuza kidole, mstari uliteleza, ukawafuata kama jicho la paka.

"Umeweka nini, fundi?"

"Sikuweka kitu."

"Basi ni yeye," alisema Deogratias. "Anaangalia."

Lakini pete ilikuwa pana, ikicheza kidoleni. Ndaki akamwomba aiache mpaka kesho aibane. Ili kuibana kwa moto ilimbidi alitoe jiwe. Akaliweka kwenye kibati kando ya lile lingine, ambalo kwa wakati huo lilikuwa limetoka kwenye kijiti, akaenda kutafuta mkaa. Mvua ikarudi. Bati lilivuja juu ya meza, na Felisita akahamisha vitu vyote harakaharaka, sufuria, tupa, kibati na mawe, akavipanga upya kwenye rafu. Ndaki aliporudi alichukua jiwe lililokuwa upande wa kulia, kama alivyoliacha, akalirudisha kwenye pete. Jumamosi jioni Deogratias aliichukua akiwa amelowa, wingu limetanda, na baiskeli yake imeegemezwa ukutani. Hakuitazama mara mbili.

Jumatatu asubuhi alirudi na mama yake. Nyamizi alikuwa mwanamke mrefu, kanga zake mbili zimetota chini, na hakukaa mpaka alipokaribishwa mara ya pili.

"Mwangaluka, mayu," alisema Ndaki, akimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Deogratias alivua pete, akaiweka mezani. "Jana nimewaambia ndugu wote watazame jicho la Mhoja. Wamelipokezana nyumba nzima. Hakuna jicho. Baba mdogo akaniuliza kama nimeanza kunywa asubuhi."

Ndaki aliishika, akaenda nayo dirishani. Nje kulikuwa na mwanga wa kijivu. Jiwe lilikuwa safi, rangi ya asali, na halikuwa na mstari wowote. Akaligeuza huku na huku. Akalifuta kwa shati.

"Uliona lina thamani ukalibadilisha," alisema Deogratias. "Sema tu, fundi. Ukisema hapa yatakwisha hapa. Usiposema nitakwenda kwa mtemi wa sungusungu."

Siku zile mtu akitajwa mwizi mbele ya sungusungu, wale walinzi wa jadi, hata akiachiwa, mtaa mzima huacha kumsalimia, na mke wake hapewi moto wa kuwashia jiko. Ndaki alilijua hilo. Felisita, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, naye alilijua.

Ndaki alifungua kibati, akalitoa lile jiwe la pili, akalitazama dirishani. Nalo halikuwa na mstari. Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Kama aliyakosea, basi hili la kwenye kibati lingekuwa na jicho. Kama hakuyakosea, lingekuwa nalo la kwenye pete. Jicho alilokuwa ameliona kwa macho yake limekwenda wapi?

"Hilo nalo ni la nani?" aliuliza Deogratias.

"Langu. Aliniuzia Januarius."

"Januarius wetu? Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nitaulizaje kitu nisichokijua?"

"Mimi ndiye niliyeyahamisha," alisema Felisita. "Bati lilivuja. Sikuangalia lipi liko wapi. Kwa macho yangu ni mawe tu."

"Kwa hiyo lililo kwenye pete ni lipi?" Deogratias alimgeukia Ndaki. "La Mhoja au lako?"

Ilikuwa rahisi kusema ni la Mhoja. "Sijui," alisema Ndaki. "Nilichukua la kulia. Kama mke wangu aliligeuza, basi ni langu. Sijui."

"Unatufanya watoto."

"Sijui, Deogratias."

Nyamizi alinyoosha mkono, akapewa pete na jiwe, akavishika kimoja huku, kingine huku. Alifumba macho. Kisha akatikisa kichwa. "Lilikuwa na kona moja inayochoma hapa," alisema, akionyesha katikati ya kiganja. "Mmelisugua mno. Sasa halinijui."

Aliyarudisha mezani. Kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya, walikaa. Felisita aliwaletea michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Deogratias alikataa, mama akamtazama, akala. Ndaki alikaa mlangoni, akikumbuka Ijumaa hatua kwa hatua. Aliivaa pete hapa. Tulisimama hapa. Jua lilikuwa linapiga hapa, kwenye kizingiti. Alisema kwa sauti, lakini kama mtu anayeongea peke yake, "Siku ile kulikuwa na jua."

"Jua na wizi vinahusiana nini?" aliuliza Deogratias.

"Sijui. Nasema tu kulikuwa na jua."

"Tutalisubiri," alisema Nyamizi.

"Mama, mvua hii ni ya juma zima."

"Kwani una kikao?"

Wakalisubiri. Mbele ya nyumba watu waliokwenda hospitali walipita na miavuli, wakasalimia na kushangaa kuwaona watu wanne wamekaa kimya wakitazama juu. Mchana ulipopita, wingu lilipasuka upande wa magharibi, na ukanda wa jua ukaingia mpaka kwenye kizingiti. Deogratias alivaa pete upesi, akanyoosha mkono. Mstari ulikuwepo. Mwembamba, mweupe, ukatembea juu ya jiwe alipokunja kidole.

"Mama, ona. Ona, jicho hilo." Alicheka, akamshika Ndaki bega. "Nisamehe, fundi. Kumbe ndilo lenyewe. Kumbe linataka jua tu."

Mambo yangeishia hapo, na kila mtu angekwenda zake. Ndaki alikuwa ameshika lile jingine kiganjani. Alilitazama kwanza peke yake, mgongo wake ukiwa umewaelekea. Kisha akageuka, akafungua kiganja kwenye jua, mbele yao wote.

Nalo lilikuwa na jicho.

Kicheko cha Deogratias kilikatika. Alitazama kidole chake, akatazama kiganja cha Ndaki, akarudi kwenye kidole. "Sasa hii maana yake nini?"

"Maana yake jicho halituambii kitu," alisema Ndaki. "Yote yanalo. Bado sijui lipi ni lipi."

"Ulikuwa na haja gani ya kutuonyesha? Nilikuwa nimeshamaliza."

"Ningekuona barabarani umelivaa, nikawa najua jambo usilolijua."

"Sasa nimelijua, na sina raha." Hasira ilianza kumrudia. "Pengine hata hili la pili ulilitoa kwenye mfuko wa Mhoja. Nyinyi na Januarius."

"Deo," alisema Nyamizi. "Tulia. Mtu aliyeiba angejua lipi ni lipi. Huyu hajui. Ana hali mbaya kuliko sisi, mtazame." Akamgeukia Ndaki. "Januarius na mwanangu walichimba shimo moja?"

"Aliniambia hivyo, mayu."

Alifikiri kidogo, kisha akanyoosha mkono. Ndaki alimpa jiwe bila kuuliza. Nyamizi alilifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno. "Hiyo ivae wewe," alimwambia mwanawe. "Hili nitakaa nalo mimi. Mojawapo ni lake. Siku utakayonikuta nimejua, nitakwambia."

Waliondoka kabla jua halijafunikwa tena. Felisita alimwuliza mumewe kama watapelekwa mbele ya sungusungu, naye akajibu kwamba hadhani. Kisha Ndaki akakaa kwenye gurudumu, na tangu siku hiyo kila jiwe linalofika mikononi mwake hulichora alama kwa ukingo wa gurudumu upande wa chini, ule bapa usioonekana, kabla hajaligusisha lakiri. Hata hivyo haamini alama peke yake. Ndiyo maana utakuta jiwe moja tu mezani kwake.

Nyamizi ameshafariki. Alizikwa na fundo lake, na kama alikuwa amejua, hakumwambia mtu. Deogratias huja mnadani Bariadi kuuza ng'ombe, na wakikutana yeye na Ndaki huwa hawasalimiani kwanza. Deogratias huinua mkono kwenye jua na kuugeuza polepole.

"Unaliona?"

"Naliona."

"Ndilo?"

"Sijui, ngosha."

"Hata mimi," husema Deogratias, akaushusha mkono, ndipo wanapoulizana habari za nyumbani.