Kiingilio cha Timu Mbili

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umechaguliwa kwenye kamati ya mpira huko Nduruma, na kamati ndiyo inayotunga sheria.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa beki wa timu yetu ya Akheri, vijana wa wakulima wa kahawa, tukicheza kwenye uwanja wa kanisa. Timu kubwa ya mjini ilikuwa na mfadhili, tajiri mmoja mwenye malori, aliyewapa wachezaji kazi na viatu. Kila kijana aliyeujua mpira huku mlimani, baada ya muda ungemkuta mjini. Mwaka huo wazazi wetu wakachoka. Walipouza kahawa wakachanga, ili golikipa wetu, Elirehema, apate posho abaki nyumbani.

Habari zilipofika mjini, timu zote zikaitwa mkutanoni. Mwenyekiti wa chama cha mpira akasoma sheria mpya: hakuna timu itakayotumia zaidi ya inachokusanya kwa kiingilio cha uwanjani kwake. Michango na misaada, marufuku. Alisema ni kwa ajili ya usawa, na ukisikiliza haraka haraka ungekubali. Si hata tajiri naye alikuwa amezuiwa?

Mzee Anaeli, kiongozi wetu, akasimama taratibu, kofia mkononi.

"Bwana Mwenyekiti, uwanja wetu hauna hata ua. Ng'ombe wanapita katikati. Hicho kiingilio tumtoze nani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee akakaa, akairudisha kofia yake kichwani. Elirehema aliinama tu. Alijua Akheri ndiyo basi tena.

Kicheko kilipoisha, akasimama Salimu. Huyu alikuwa nahodha wa hiyo hiyo timu ya mjini, kijana ambaye wazazi wake walitoka Tanga, na alikuwa dereva wa yule tajiri. Tajiri mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa mbele.

"Watu wanaojaa uwanjani kwetu wanakuja kutazama timu mbili," Salimu alisema. "Tukiingia peke yetu, nani atalipa? Basi kiingilio kigawanywe nusu kwa nusu. La sivyo, mimi sivai jezi. Siwezi kujisifia mechi tuliyoshindia mkutanoni."

Tajiri aligeuka polepole. "Salimu, kesho utapanda lori langu kama nani?"

"Kama abiria, bwana. Ukinikubalia."

Mwanangu, nimeishi sana, nimesikia wakubwa wengi wakihutubia, lakini sijaona tena mtu akisimama namna ile. Mikono ikaanza kunyanyuka, kwanza ya timu ndogo, halafu, usiamini, ya wachezaji wenzake wa mjini. Sheria ikarekebishwa pale pale, na Elirehema akabaki Akheri. Salimu yeye alifukuzwa kazi. Wenzake walikataa aondolewe timuni, lakini kwa muda mrefu alikuwa akivunja kokoto Lemara ili ale.

Lililonistaajabisha zaidi lilikuja siku tulipokutana nao uwanjani. Nilidhani atatulegezea. Thubutu! Alinipita kama vile nimepandwa pale, akaachia shuti ambalo Elirehema alilisikia tu likigonga wavu. Tukafungwa. Filimbi ilipolia, alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Anaeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Umetufunga kwa miguu yako, na mimi nimeridhika."

Basi nisikilize. Sheria ikiletwa mezani, usitazame tu kama maneno yake ni yale yale kwa wote. Uliza kila timu itaibeba vipi, na itamwacha wapi yule asiye na ua wala geti. Ukiona inaipendelea timu yako, wewe ndiye uwe wa kwanza kusema, kwa sababu anayeonewa akisema watamcheka. Na mkishatoka mkutanoni, usimchezee mtu kwa huruma. Mchezee kwa nguvu zako zote, maana hiyo nayo ni heshima unayompa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti siku ukumbi utakapokuwa kimya, na siku sauti hiyo itakapokugharimu, akupe riziki mahali pengine.