Hodi ya Zainab

Zainab alikuwa na kilema kimoja ambacho nusu ya watu wa mtaa wa Ladypool Road, Birmingham, walikijua: hakuweza kupita penye mlango bila kupiga hodi. Duka la Darshan lina mlango unaojifungua wenyewe mtu akisogea, lakini Zainab atasimama pale nje na mkoba wake, aseme "Hodi," kisha angoje. Darshan alichoka kumwona ameganda kwenye baridi, akajifunza kuitikia "Karibu" ili biashara iendelee. Kwa daktari, hodi. Chooni msikitini, hodi. Jikoni mwake mwenyewe asubuhi, hamna mtu hamna paka, hodi. Ukimcheka anakwambia nyumba haijui kuwa ni yako mpaka uiombe ruhusa.

Alizaliwa Makupa, Mombasa, katika ukoo wa Wapunjabi waliokuja na reli wakasahau kuondoka. Baba yake alikuwa fundi wa injini za treni, na mama yake aliumua mahamri hata majirani Waswahili wakawa wanatuma watoto na sahani. Walipohamia Birmingham Zainab alikuwa na miaka kumi na tisa, na kabla hajajua basi lipi linakwenda wapi, akaozwa Karamat, kijana wa Mirpur, Pakistan, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha na kusubu chuma. Wakaingia kwenye nyumba ya mtaa wa Sparkbrook, zile zilizobanana ukuta kwa ukuta, na humo wakakaa miaka hamsini na ushei. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zainab yeye alipewa sufuria, akawapikia watoto wa shule chakula cha mchana mpaka akastaafu.

Karamat naye alikuwa na kilema chake, nacho ni neno "mwakani". Mwakani tunarudi Pakistan. Alilisema mtoto wao Anisa alipozaliwa, akalisema Anisa alipoolewa, na katikati hapo masanduku yalikaa chini ya kitanda yakiliwa na kutu. Tena usidhani alikuwa na kijiji cha kurudia. Mirpur ya utotoni mwake ilifunikwa na maji ya bwawa, mji mzima, na watu wakatawanyika, wengine wakaishia hapa Birmingham. Miezi ya baridi ziwa likipungua, kuta za zamani hutokeza juu ya tope, na makaburi, na watu wazima huonekana wakitembea matopeni wakitafuta kizingiti cha mama zao. Huko ndiko kwao Karamat, chini ya maji. Juu yake, penye mji mpya, alikuwa amejenga nyumba ya vyumba kumi na kimoja ambayo hakuna aliyewahi kulala ndani yake. Makochi yalikuwa bado yamevaa nailoni. Mlinzi mmoja aitwaye Shaukat alikuwa akiifungua kila Ijumaa ipate hewa.

Mwaka ule Karamat alizika marafiki wawili kwa mwezi mmoja, na siku ya pili ya matanga hakusema mwakani. Alisema, "Januari." Zainab akashtuka. Mwakani haina tarehe, bwana, Januari inayo.

"Baba Anisa," akamwambia, "mimi kwetu si Pakistan."

"Kwenu wapi, basi?"

Makupa hakubaki mtu wa kwao hata mmoja. Mkataa kwao mtumwa, Waswahili wamesema, lakini asiye na kwao hawakusema aitwe nani.

Na niseme wazi kilichomtisha, maana mwenyewe hakukificha. Hakuogopa joto wala umeme kukatika. Aliogopa kufiwa na mume kule, abaki peke yake ndani ya vyumba kumi na kimoja, kati ya watu ambao maneno yao anayajua lakini utani wao haujui, siku nenda siku rudi asisikie mtu akipiga hodi mlangoni. Upweke. Ndilo hilo tu.

Karamat, mtu mpole, akamwomba jambo moja: aione nyumba kwanza. Jumapili moja ya Novemba, saa tano mchana, akampigia Shaukat simu ya video. Zainab alikuwa jikoni akikanda unga wa chapati. Mumewe akamtia simu mkononi, unga na yote, akasimama nyuma yake. Kwenye kioo wakaona mkono wa Shaukat ukizungusha ufunguo, mlango mkubwa ukafunguka, na ndani kukawa na ukumbi mrefu wenye giza la nyumba isiyokaliwa.

Mdomo wa Zainab ukafanya kazi yake. "Hodi," akasema.

Karamat akaanza kucheka. Kicheko kikamkatikia njiani, kwa sababu kutoka huko ndani, mbali, sauti ya mwanamke iliitika.

"Karibu, karibu. Mlango uko wazi, sukuma tu." Kisha ikakohoa.

Kwa Kiswahili. Mirpur, ambako hata ukizunguka mji mzima humpati wa kukujibu kwa Kiswahili. Simu ikamponyoka Zainab ikaanguka juu ya sinia la bati, kwaa, na Shaukat huko akawa anauliza kwa sauti ya kutetemeka, nani yupo? Zainab aliiokota, akabonyeza kitufe chekundu kwa kidole chenye unga, akakata.

"Umesikia?" Karamat akauliza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hayakuwa ya woga. "Imesema karib. Karib, karib." Maana kwa lugha yao karib ni karibu ya masafa, ya kitu kisicho mbali, na Karamat hakutaka kulisikia lile neno kwa maana nyingine. "Nyumba yenyewe inaniambia siku zimekaribia."

Shaukat alipiga baada ya saa nzima. Alikuwa amemwita ndugu yake wakapekua chumba kwa chumba. Vumbi halina nyayo, nailoni haijachanika. Kitu kimoja tu, akasema, na alikisema kwa haya: pale ukumbini palinukia. Harufu ya unga unaokaangwa, mtamu, wenye iliki, na kitu kingine kama nazi. Huko kwao hakuna mtu apikaye hivyo.

Kwa kusimuliwa tu, Zainab akaitambua harufu hiyo. Mahamri. Na sauti aliijua pia, ingawa hakumwambia mumewe. Ilikuwa yake. Imezeeka kidogo, ina mikwaruzo na kikohozi ambacho yeye hakuwa nacho, lakini yake. Kilichomnyima usingizi zaidi ni namna ile sauti ilivyopokea hodi: kwa pupa, upesi upesi, namna ya mtu ambaye hajabishiwa mlango siku nyingi na anachelea mgeni asije akageuka.

Mwenziwe alikuwa Mwanasiti, Mzanzibari wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akija kila siku saa kumi alasiri kunywa chai na kuwasema watu. Kwake Zainab aliyamwaga yote.

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," Mwanasiti akasema, kikombe kimesimama hewani. "Huyo ni wewe, shoga. Ndiye utakayekuwa ukienda. Ajuza peke yake kwenye jumba, anapika mahamri ya kula na nani? Usiende."

"Na Baba Anisa?"

"Mwanamume akienda kwao hapotei. Utakayepotea ni wewe."

Basi Zainab akamwambia mumewe kwamba yeye haendi. Karamat hakugomba, na heri angegomba. Januari akalitoa sanduku moja chini ya kitanda, akaliacha la pili. Asubuhi ya safari, teksi inangoja, alisimama mlangoni akifunga vifungo vya koti ambavyo vilikuwa vimekwisha kufungwa.

"Chumba chako ni kile cha mashariki," akasema. "Sikitoi nailoni mpaka uje, Mama Anisa."

Akaenda miezi mitatu, ikawa sita. Wala hakuwa mpweke hata siku moja! Wapwa zake walihamia na watoto wao, Shaukat akaleta mkewe, jumba likajaa kelele. Januari hiyo hiyo ziwa lilipungua, akashuka matopeni na fimbo yake, akalipata kaburi la bibi yake. Alipokuwa akipiga simu Zainab aliwasikia watoto wakikimbia ngazini na wanawake wakicheka jikoni, na mara mbili tatu akajikuta akicheka nao bila kujua kilichochekesha. Ile sauti haikusikika tena. Karamat kila simu alimaliza na swali lilelile: "Lini?"

Na Zainab, yeye wa watu wote, akawa anajibu, "Mwakani."

Septemba Karamat alifariki, mchana, nyumba imejaa watu. Alizikwa kabla ya magharibi, kama ilivyo ada, na Zainab alikuwa bado Sparkbrook amekaa kitandani na pasi yake ya kusafiria mapajani. Mpwa mmoja alimwambia kwa simu kwamba chumba cha mashariki hakijaguswa. Alishukuru. Angekwenda kufanya nini sasa, kukaa eda mbele ya kochi la nailoni?

Alikaa eda Sparkbrook. Siku za kwanza walikuja watu, kisha wakapungua, kama wanavyopungua. Anisa, mfamasia wa hospitali anayeishi Harborne, upande mwingine wa mji, alikuwa akija kila Jumapili, baadaye Jumapili moja kwa mbili. Mama akimsemesha Kiswahili yeye anajibu Kiingereza, haraka, koti hajalivua. Darshan aliuza duka. Mwenye duka mpya ana mlango uleule, ila "Karibu" hajafunzwa, na anayetumwa na Zainab dukani sasa ni kijana wa jirani. Mwezi wa Oktoba Mwanasiti, yule yule wa usiende, naye akafunga virago akarudi Unguja moja kwa moja. Nyumba yake ya huko ilikuwa imekwisha kujengwa, na wajukuu walikuwa wanamngoja. Waliagana kwa kulia. Baridi ikaingia, na Zainab akapata kikohozi kisichosikia tangawizi wala dawa. Akaanza tabia mpya pia: kila asubuhi alifungua kufuli ya mlango wa mbele akauacha umerudishiwa tu, ili yeyote atakayekuja asipate taabu.

Jumapili moja ya Novemba, kama saa tano mchana, Anisa alipiga kusema amebadilishiwa zamu, haji. Zainab alikuwa amekwisha kuumua unga. Akaona hasara kuutupa, akakaanga mahamri yote, ya watu kumi, nyumba nzima ikanukia iliki na tui la nazi. Alikuwa anaipua ya mwisho aliposikia kutoka mlangoni, "Hodi."

Moyo wake uliruka kwa furaha, na nisiseme uongo, alikaribia kulia. Mtu amekuja. Mdomo ukatangulia kabla ya akili, upesi upesi, mgeni asije akageuka.

"Karibu, karibu. Mlango uko wazi, sukuma tu." Akakohoa.

Hakuna aliyesukuma. Akafuta mikono akiwaza, leo Mwanasiti kawahi, bado saa kumi. Ndipo akakumbuka kwamba Mwanasiti yuko Unguja. Na papo hapo, huko ukumbini, kitu kikaanguka juu ya bati. Kwaa.

Zainab alitazama ukutani. Sinia lake la bati lilikuwa msumarini, limekauka, halijashushwa tangu wiki iliyopita.

Alisimama na mwiko mkononi, mafuta yakichemka nyuma yake, na maneno yake mwenyewe yakamrudia moja moja. Karibu, karibu. Mlango uko wazi, sukuma tu. Na kikohozi. Na mahamri. Ajuza ambaye Zainab alimkimbia hakuwahi kukaa Mirpur. Hakuwa na vyumba kumi na kimoja. Alikuwa hapa, Sparkbrook, katika nyumba hii ya ukuta kwa ukuta, na njia aliyoipita Zainab kumkwepa ndiyo iliyomleta.

Na hodi ile aliijua ni ya nani.

Alikimbia ukumbini, mzee wa miaka sabini na mbili, bega likigonga ukuta. "Nenda naye!" akapiga kelele kuelekea mlangoni. "Zainab, usikate simu. Nenda naye, mwanangu, nenda na Baba Anisa."

Mlango ulikuwa umerudishiwa kama alivyouacha. Aliuvuta. Nje palikuwa na magari yaliyoegeshwa na mvua nyembamba ya Birmingham, na hakuna mtu. Hata hivyo alisimama pale kizingitini akisikiliza, ingawa alijua. Alikikumbuka vizuri sana kile kidole chenye unga, na kitufe chekundu, na namna alivyokuwa mwepesi kukibonyeza.