Kidole Chini ya Karatasi

Mwanangu alipoondoka kwenda Uarabuni aliniachia vitu viwili vya kutunza: dada yake na gari. Dada mtu alikuwa na akili zake, hakunisumbua. Gari ndilo lililonimaliza.

Lilikuwa gari dogo jeusi, la mitumba kama magari mengi huku Kitale, ila lilimeta kuliko gari jipya la bosi. Lilimeta kwa sababu ya kazi aliyokuwa akiifanya. Yeye na rafiki yake walikodi kiuwanja nyuma ya maduka ya Matisi, wakawa wanayavisha magari ya watu karatasi. Sisi tuliita karatasi, lakini ni kitu laini kama ngozi ya kitunguu, unaona hadi upande wa pili, na kina gundi upande mmoja. Unanyunyizia gari maji ya sabuni, unaitandaza karatasi juu yake, unakamua maji kwa kipande cha mpira, kisha unaipuliza joto ikae. Ikishakaa, kokoto zinazorushwa na malori ya mahindi hazichubui rangi tena. Mimi ni fundi cherehani. Nilipowaona wakiifanya kazi ile nilijua ni ushonaji tu, isipokuwa wao hawakuwa na nafasi ya kufumua.

Gari lake mwenyewe walilivisha siku chache kabla ya safari. Niliwapelekea chai nikamkuta mwanangu ameinamia boneti, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama alivyofanya akijifunza kuandika. Sikumsemesha, niliweka birika chini nikarudi kwenye sare za watu. Laiti ningalijua, chai ile ningalikaa nikainywa naye mpaka jioni.

Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Alisema kazi ni ile ile, magari tu ndiyo makubwa, na jua la huko si la kucheza nalo. Kisha Jumapili moja simu haikulia. Nilipopiga mimi, nikajibiwa na yule dada wa kwenye mashine kwamba mteja hapatikani. Nilimpigia dada yule mpaka nikamchukia kama mke mwenza. Nilikwenda kwenye ofisi iliyompeleka nikakuta wanasuka watu nywele. Nilikwenda polisi, nikaenda Nairobi kwa wakubwa, nikapanga foleni na wamama wengine wenye picha mikononi. Msichana yeyote niliyesikia amerudi kutoka kule nilimfuata hata sokoni nikamwonyesha picha. Wote walitikisa kichwa, na wengine waliniombea palepale katikati ya nyanya.

Ndani ya nyumba hakukuwa na chochote cha kumshika. Siku alipoondoka nilifua nguo zake zote nikazipiga pasi na kuzikunja, ili azikute safi. Mama gani hafui? Baadaye nilizitoa moja moja nikizinusa, nikakuta sabuni tupu.

Nilikiona kile kidole asubuhi moja nikiosha gari. Nilikuwa nimeinama kwenye kona ya boneti, upande wa dereva, jua likipiga kutoka pembeni, nikaona chini ya karatasi alama ya dole gumba. Kidole kikavu kikigusa ile gundi, alama hubaki humo, na karatasi ikishalala huwezi kuifuta. Ilikuwa na mistari yake yote midogo ya duara, na mstari mmoja umeikata mshazari katikati. Mstari ule niliukumbuka papo hapo. Alipokuwa mdogo aliuchezea mkasi wangu akajikata, damu ikadondokea kitambaa cha sare. Nilikaa chini kwenye matope ya sabuni nikalia kwa sauti, majirani wakaja wakidhani nimepata habari.

Rafiki yake naye alikuja. Nilimvuta mkono, nikamwambia tazama, mwenzako huyu hapa. Alitazama muda mrefu, akasema ndiyo, Mathe, maana ndivyo vijana wa huku wanavyomwita mama.

Tangu siku hiyo sikulala bila kukifunika, na kila asubuhi nilikifunua, nikaweka dole langu juu yake na kukisalimia. Nilikieleza habari za nyumbani, nani kaoa, bei ya unga. Ukitaka kunicheka, cheka. Walionicheka Matisi walikuwa wengi na sikuwafungia mlango, maana walishonesha nguo kwangu.

Lakini karatasi nayo ina umri wake. Miaka ilipopita ilianza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, na kwenye kingo ikawa inanyanyuka. Rafiki yake ndiye aliyekuja kunisihi.

"Mathe, hii karatasi imechoka. Si tuitoe mapema? Ikikauka itang'oka na rangi."

Nilimwambia rangi na ing'oke, chuma na kioze, karatasi haitoki. Alitazama chini akaondoka. Msimu wa mvua ulipokuja maji yakapenya kwenye ile kona, yakafanya utando mweupe, na utando ukawa unatambaa kuelekea kidole. Nilipitisha mshumaa kwenye ukingo. Nilibandika solotepu. Nilifunika kwa kitambaa cha meza na beseni juu yake, na mvua ya Kitale ikinyesha usiku nilitoka na mwavuli nikasimama pale kama askari wa benki. Utando haukujali. Niliona unavyomfikia mwanangu na sikuwa na la kufanya, na hofu ile sijui niifananishe na nini.

Ni wakati huohuo shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alipopanda kutoka nyumbani kwao Bungoma, upande wa Lugulu. Mimi ni mzaliwa wa Trans-Nzoia, wazazi wangu walihamia huku kutoka mkoa wa Kati, na kwetu mtu aliyepotea hungojwa. Kwa kina mume wangu ni tofauti. Mtu akipotea miaka mingi, ukoo hukata shina la mgomba, hulilaza ndani ya jeneza na kulizika kama yeye, ili atulie na walio hai watulie. Shemeji alikunywa chai yake, akaweka kikombe, akalisema bila kuzunguka, akiniita mulamwa, yaani shemeji kwa lugha yao.

"Mulamwa, huyu mtoto anazunguka. Hana kwa kurara. Tumpatie kwa kurara."

Nikamjibu kwamba mwanangu ni mzima, hahitaji pa kulazwa. Akaniuliza kwa upole najuaje. Akasema tena kwamba wazee wanataka kitu kilichogusa mwili wake kiwekwe na mgomba, nguo yenye jasho, nami nikasema zote nimefua. Akatikisa kichwa akasema basi hata alama yake duniani haipo tena, na hilo likanichoma. Nikasema kwa hasira kwamba alama yake ipo, iko hapo nje kwenye gari, twende akaione mwenyewe. Mdomo uliponza kichwa.

Shemeji aliinama juu ya boneti. Alifuta miwani, akatazama, akafuta tena. Nikadhani nimemshinda. Aliponyooka macho yake yalikuwa na machozi, akasema ni mtoto wao kabisa, na kwamba hicho basi ndicho watakachozika.

Nilimfukuza. Najua mke wa ndoa hamfukuzi shemeji mkubwa, lakini nilimpa kofia yake kutoka kwenye kiti.

Aliyenivunja alikuwa binti yangu. Alikuwa amepata mchumba, mtu mwema, na wazee wa ukoo walikuwa wamesema hawatapokea wageni wa posa wakati jambo la kaka yake liko wazi. Hakugomba. Alinikuta nje nimeshikilia mwavuli, akasimama kwenye mvua akalowana.

"Mama, na mimi nipo," akasema. "Mimi nipo hapa."

Nilimtazama na kwa mara ya kwanza niliona amekonda. Utando ulikuwa umebakisha nafasi ya ukucha kukifikia kidole. Nikasema sawa. Wakate ile kona peke yake, kipande kidogo kama kiraka, wakizike. Afadhali udongo wa kwao kuliko maji.

Yule rafiki wa mwanangu ndiye aliyetuendesha kushuka Bungoma, maana hakuna mwingine aliyejua kukata karatasi ile bila kuiharibu. Tulipofika Kamukuywa alisimamisha gari, akashuka, akasimama kando ya barabara akitazama mahindi ya watu. Nilidhani ana uchungu kama wangu, nikamwonea huruma.

Tulikuta mahema yamesimama na viti vimepangwa. Jeneza lilikuwa chini ya hema, mgomba umelazwa ndani na kufunikwa shuka jeupe hadi kifuani, kama mgomba una kifua. Nilipouona niligeuka nirudi garini, binti yangu akanishika mkono. Gari likaletwa karibu, waya wa umeme ukavutwa kutoka kwa nyumba ya shemeji, na yule kijana akaipasha ile kona joto pole pole, akatoa wembe wake. Akainama. Akabaki ameinama.

"Kata," shemeji akasema.

"Siwezi, mzee."

Shemeji akamuuliza kama wembe hauna makali. Kijana akaushusha wembe. Alinitazama mimi.

"Mathe, hiki kidole ni changu. Hiyo kona mimi ndiye niliishika. Tafadhali msinizike."

Watu walirudi nyuma, shemeji akiwa wa kwanza. Pale kwao hakuna asiyejua kwamba kuzika kitu chenye mwili wa mtu aliye hai ni kumuua. Mzee mmoja akafunika jeneza.

Mimi nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia mengi ambayo sitayaandika. Kisha nikaukamata mkono wake, nikamnyang'anya wembe, nikalilaza dole gumba lake kando ya ile alama, kwenye jua. Lilikuwa na kovu la wembe, mshazari, katikati. Mistari ya duara ikapinda pale ilipopinda ile mingine. Na ule mkasi, na ile damu kwenye kitambaa cha sare, ambavyo nilikuwa nimevisimulia kanisani na sokoni? Sijui vilitoka wapi. Mpaka leo sijui kama mwanangu aliwahi kujikata.

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo.

"Ulikuwa unakisalimia kila asubuhi," akasema. "Ningekuambia aje?"

Nitasema nilichotaka dakika ile, hata kama ni kibaya. Nilitaka wakate tu. Nilitaka wazike kidole kile kile, kiwe chake, kiwe cha nani, mradi mtu alale pale na yangu yaishe. Nikampa shemeji wembe, akakataa kuupokea. Wazee wakajitenga kushauriana, na mwishowe walizika mgomba na mojawapo ya yale mashati ya mwanangu niliyoyafua yakabaki sabuni tupu, ambayo binti yangu alikuwa ameyabeba bila kuniambia. Nilisikia wimbo ukianza na udongo ukidondoka. Sikwenda.

Nilikuwa kwenye gari. Nilikuwa nimeingiza kucha chini ya ile karatasi na kuivuta, na ilikuja yote, kutoka kona hadi kioo, ikitoa sauti ya kitambaa kinachochanwa na kubeba rangi nyeusi vipande vipande. Nikafikiri, kama kona ile aliishika mwenzake, kwingine kote alishika yeye. Lazima aligusa mahali. Niliiinua karatasi kwenye jua nikaipekua shibiri kwa shibiri, upande wa gundi, ikinishika mikononi, kwenye nywele, kwenye gauni la msiba. Nikatoa na ya mlango. Nikatoa na ya mlango wa pili.

Kijana alikuja akasimama karibu nami, akanisaidia kuishika isijikunje. Nilimwomba anitafutie, macho yake ni mazuri kuliko yangu. Alitafuta kweli, alisogeza uso hadi pua ikaigusa gundi.

"Huku kote alifanya yeye, Mathe," akasema. "Lakini yeye alikuwa analowesha vidole kwanza. Mimi ndiye nilikuwa nasahau."

Tuliendelea kuitazama mpaka watu wakaanza kuja kunawa mikono. Ilikuwa safi yote. Mwanangu alikuwa fundi mzuri.