Kadi ya Ubavuni mwa Kompyuta ya Mama

Kompyuta ya mama ilikuwa ikilia ti-tii kila alipochomeka ile kadi ubavuni mwake, na hadi leo mlio unaofanana na huo hunirudisha Misiera, kwenye kibanda chetu cha picha, penye harufu ya plastiki iliyopata moto. Kadi yenyewe ilikuwa bapa, pana kama biskuti. Ndiyo iliyohamisha picha kutoka kwenye kamera kwenda kwenye kompyuta. Bila hiyo hapakuwa na picha za ubatizo wala za arusi, na sisi tulikula kwa picha hizo.

Shida ni kwamba kompyuta ilikuwa nzito kuamka. Ungeiwasha, ukachote maji, urudi uikute bado inafikiri. Mama akaifunga kwenye kitenge, tukaipeleka Mbarara kwa fundi mmoja wa Nyamityobora, naye akaiwekea mfumo mpya wa kuiendesha. Iliwaka upesi, ikiwa na rangi tamu, na mimi papo hapo nikaanza kupanga michezo nitakayoicheza. Mama akachomeka kadi. Kimya. Akaichomoa, akaifuta kwa kitenge, akairudisha. Kimya tena.

Fundi akatueleza kwa upole kwamba watengenezaji wa mfumo walikuwa wameacha kuzitambua kadi za aina ile.

"Mama, watu ya kutumia hii kitu iko kidogo sana," alisema.

Mama akamtazama. "Tuko bachache, lakini tuko. Unirudishie ile ya zamani."

Fundi akaurudisha, nami nikanuna njia nzima hadi nyumbani kwa michezo niliyoikosa. Nilimwona mama mbishi tu, ingawa nilimpenda na ubishi wake. Fundi naye akaihifadhi diski ya mfumo wa zamani kwenye droo yake, na kila kompyuta yetu ilipougua aliitoa, miaka na miaka, kwa ajili ya mteja mmoja.

Siku hizi mimi ni mmoja wa watu wanaojitolea kutunza mfumo wa kompyuta wa bure, kila mtu akifanya kazi akiwa kwao. Juzi mwenzetu aliuliza kama tuiondoe sehemu inayotambua kadi zile, maana wanaozitumia ni wachache na kuitunza ni kazi. Hakukosea, ni kazi kweli. Utotoni nilisikia neno la mama tu, ile droo sikuitia akilini. Kumbe neno lile lilihitaji mtu wa kulibeba, na fundi alilibeba bila kulalamika.

Nikawaandikia wenzangu: iacheni, nitaitunza mimi.