Nilijaza fomu ya marehemu, Dada R akabeba lawama

Admin, naomba ufiche jina langu. Niko na miaka arobaini na saba, baba wa watoto watatu, naishi Kitengela. Wazazi wangu walitoka Magharibi mwa Kenya, lakini Kimaasai nilikijua utotoni kwa kuchunga na watoto wa majirani. Tangu Form Two huandika shajara kila siku, na sasa hiyo shajara ndiyo inanishtaki.

Mwaka wa 1999 nilikuwa nimemaliza Form Four, sina kazi. Mwanafunzi wa chuo kikuu, nimwite Dada R, alikuwa anasomea uhifadhi wa maliasili. Alitaka kujua kama wenye mashamba wangekubali kuacha njia ya nyumbu na pundamilia bila ua. Hakujua Kimaasai, kwa hivyo akanipa kazi ya kupita maboma na kujaza fomu za maswali.

Maboma sita ya ng'ambo ya mto sikufika. Shajara ya 17 Agosti inasema: "Sikuvuka. Nimeenda Kajiado kumwona N." Zile fomu sita nilizijaza nikiwa nimeketi kitandani, majina nikiyatoa kwa orodha ya zamani ya josho la ng'ombe.

Baadaye mwalimu wake akaja kukagua. Tulipoingia boma la kwanza ng'ambo, Dada R akasoma fomu kwa sauti, akamtaja mzee kwa majina yote mawili. "Yuko? Alitujibu vizuri sana."

Mama mmoja akajifunika uso kwa shuka. Mzee huyo, mume wake, alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, na huko jina la marehemu halitajwi, hata na watoto wake. Kijana wao akaniuliza kwa Kimaasai, "Wewe, umemleta huyu msichana atutukane?"

Mwalimu akauliza, "Nani alimhoji huyu mzee?" Dada R akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Ni mimi, mwalimu," Dada R akasema. "Nilichanganya fomu."

Kazi yake ikakataliwa, akarudia mwaka. Siku ya kuondoka aliniambia tu, "Ndugu yangu, si ungesema hukufika? Tungevuka pamoja."

N. ndiye mke wangu. Kifungua mimba wetu, binti, ameingia chuo mwaka huu, kusomea uhifadhi huo huo. Jana alinipigia akicheka: "Baba, kumbe unajulikana! Lecturer wetu anasema mlifanya utafiti pamoja. Anatuleta huko mwezi ujao, anataka wewe ndiye utuvushe mto."

Nilisema, "Sawa, mama." Lecturer huyo ni Dada R.

Yule mjane bado yuko hai. Nishaurini, ndugu zangu. Nimwambie binti yangu kabla hatujavuka, au aje asikie akiwa ng'ambo? Na huyo mama nitamwomba msamaha kwa maneno gani, kama jina nililomkosea nalo siruhusiwi kulitaja?